Mgongo wa Paneli

Zahanati yetu ina paa moja tu linalotazama kaskazini.
La kusini limeota ukoga, na popo wamelimiliki.

Kwa hiyo tuligombana, mimi na Obadia Mahenge,
mimi fundi bomba, yeye fundi umeme,
kila mtu na futi yake mfukoni,
tukipima mabati yaleyale.

Yeye alidai taa:
mama akijifungua usiku
muuguzi anaing'ata simu kwa meno apate mwanga.
Mimi nilidai maji.
Hujawahi kumkanda mzazi alfajiri ya Juni hapa Matamba,
sakitu imetanda juu ya viazi kama unga uliomwagika,
jikoni kuni mbichi za mkaratusi
zinalia badala ya kuwaka.

Eliwaza Ngailo, muuguzi, alitusikiliza hadi chai yake ikaota utando.
Akasema: Mkimaliza mniambie nani kashinda,
nimwandike kwenye daftari la waliopona.

Kisha likaja lori la viazi kutoka Mbeya,
lililokwenda limejaa na kurudi tupu,
tupu isipokuwa paneli moja iliyoviringishwa blanketi
kama mgonjwa wa rufaa aliyerudishwa nyumbani.
Mbele, kioo cheusi.
Nyuma, mabomba membamba ya shaba
yamejikunjakunja kama utumbo wa mbuzi.

Obadia akaruka. Maji na umeme?
Hao hawalali kitanda kimoja
ila mmoja atoke kwenye jeneza.

Jioni ile, ulanzi ukiwa nusu kikombe,
ndipo akatoa siri aliyoificha ugomvi mzima:
paneli huchoka.
Saa saba jua likiwa utosini, kioo kinachoma kiganja,
na mita, badala ya kupanda, inarudi nyuma.
Jua likizidi linakula kazi yake lenyewe.

Nikaweka kikombe chini.
Miezi mitatu, Obadia,
joto unalolilaani wewe
ndilo ninaloliomba mimi!

Hakucheka. Akaomba spana.

Nisikudanganye, haikuwa harusi.
Wiki ya pili kiwiko nilichochomea mwenyewe kilivuja,
tone moja likaingia kwenye boksi lake la nyaya,
tukakaa gizani siku mbili
na salamu yangu ikakosa mpokeaji.
Wiki ya nne ilikuwa zamu ya sakitu:
maji yaliganda usiku, bomba likapasuka kwa mlio mdogo,
kama mtu anayevunja muwa chumba cha pili.

Sasa mle ndani tumetia dawa isiyoganda.
Maji yale hayanywi, hayaogi mtu,
yanazunguka tu:
yanapita mgongoni mwa paneli yakiwa baridi,
yanabeba joto hadi kwenye tangi,
yanalitua,
yanarudi mikono mitupu kubeba tena.
Nimewajua wanawake wa namna hiyo. Mmoja alinizaa.

Na yale ya tangi si ya kuchemsha chai.
Ni vuguvugu la mkono uliotoka kwapani.
Siku ya ukungu ni pungufu ya hapo, na Eliwaza anarudi kwenye kuni.
Lakini magogo matatu yamekuwa moja,
na simu inakaa mfukoni.

Usiku wa jana mke wa Osmundi Tweve
alishushwa pikipiki kutoka Ujuni, midomo ya bluu.
Taa iliwaka bila kusinzia.
Nilikuwa nje, kwenye bomba, nikisikiliza maji yakijaza beseni,
kisha kimya,
kisha kilio chembamba kilichomkasirikia kila mtu.

Leo saa saba tumepanda paani.
Obadia ameweka kiganja kwenye kioo,
mimi nimepitisha mkono chini, kwenye shaba.
Kwake kumepoa. Kwangu kunapasha.
Hakuna aliyesema neno.

Chini, Eliwaza ananing'iniza mashuka, pini mdomoni:
Na lile la kusini, la popo,
mtaligombania lini?